Ng'ombe wa Bibi Kwenye Ngazi za Hekalu

Mwezi uliopita nilikuwa Mombasa kwa semina, moja ya zile semina ambazo chakula chake huwa na uzito kuliko mada. Siku ya pili, mtoa mada alipotuonyesha mchoro wake wa kumi na sita, nilinyanyuka kama mtu anayekwenda msalani, nikatoka, na sikurudi. Nilitembea tu. Nilipokuja kushtuka nilikuwa nimesimama mbele ya hekalu la Wajaini, jeupe vilevile, limechongwa vilevile, na jua la saa saba limelipiga hata huwezi kulitazama bila kukunja uso.

Kijana mlinzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya kibanda chake. "Karibu, mama," akasema. "Viatu vinakaa pale. Una kitu chochote cha ngozi? Mkanda, pochi, kamba ya saa?"

Nikafungua mdomo kusema sina. Kabla neno halijatoka, nikaonja moshi na maziwa. Wasomi wenzangu husema kumbukumbu zao huwajia akilini. Zangu huanzia kwenye ulimi, na hii, utaona, ina sababu ya kuanzia hapo.

Mimi nimekulia Garsen, katika jamii ya wafugaji, mikononi mwa bibi yangu. Kama umewahi kupita pale miaka ile ukaona safu ya wanawake wenye vibuyu vya maziwa kando ya barabara, basi umemwona: yule aliyekuwa hapunguzi bei na haongezi kipimo. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kufukiza vibuyu. Unachukua kijinga cha moto, unakitia ndani ya kibuyu, unafunika, unatikisa, mpaka moshi ushike kuta za ndani. Nilifika shuleni nikinuka kama samaki wa kubanikwa. Rafiki yangu wa dawati, binti wa wakulima wa mpunga na ndizi kule mtoni, alikuwa akivuta pumzi ndefu nikikaa na kusema, "Haya, jiko limefika."

Kati ya ng'ombe wote wa bibi, mmoja mweupe alikuwa juu ya wengine. Maziwa ya mama yangu yalikauka mapema, na huyo mweupe ndiye aliyeendelea na kazi. Alizeeka, akawa hazai wala hakamuliwi, lakini bibi hakukubali auzwe wala achinjwe. Alikufa mwenyewe asubuhi moja, amelala kama anayecheua. Bibi alikaa siku nzima bila kula. Halafu akachuna ngozi yake kwa mkono wake, akaitengeneza, akakata mkanda mrefu wa kubebea vibuyu mgongoni. Kwa hiyo hata baada ya kufa, yule ng'ombe aliendelea kubeba maziwa kwenda sokoni kila siku.

Ukaja mwaka wa El Niño. Mto Tana uliacha njia yake ukaja kututembelea nyumbani, ukakaa kama mgeni asiyesoma nyuso za wenyeji. Tulihamia kwenye mwinuko na watu wengine wengi, na pale tulipokuwa na nyumba yakaota maua ya yungiyungi. Baada ya maji ikaja homa. Iliwachukua ng'ombe, ikawachukua na watu. Mimi nililala wiki mbili chini ya turubai, na ninachokumbuka ni mkono wa bibi na sauti yake akihesabu majina ya ng'ombe wake waliokufa, kama anayewaomba waje wasaidie.

Nilipopona, alichukua kisu akakata kipande cha ule mkanda wa ng'ombe mweupe. Maalimu wa chuo cha Kurani akaandika aya kwenye karatasi, bibi akaikunja, akaishona ndani ya ile ngozi, akanifunga shingoni kwa uzi mweusi. Fundo akalifunga mwenyewe, fundo la kufungia ndama, ambalo likivutwa huzidi kukaza.

"Isitoke mwilini mwako," akasema. "Mpaka mvua kubwa ije tena na ipite, tuone. Ukiivua, usije hapa kuniambia unaumwa."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeona watu wakizikwa bila kusubiri jua lipungue. Niliamini kila neno. Hirizi ile ndiyo iliyokuwa ikinitenganisha na turubai.

Mwaka uliofuata, mwalimu wetu wa historia alipanga ziara ya darasa la saba kwenda Mombasa. Tungeona bandari, tungeona ngome, na tungeona hekalu la Wahindi fulani ambao, alisema mwalimu, hawaui kitu chochote chenye uhai, hata mbu. Darasa likalipuka kwa kicheko. Hata mbu! Rafiki yangu akauliza kama watu hao wamewahi kulala Garsen.

Bibi nilimweleza nikitarajia akatae, kwa sababu wazazi kadhaa walikuwa wamewakataza watoto wao kuingia katika nyumba ya sanamu. Alisugua kibuyu, kisha akauliza, "Kwenda kuangalia, au kwenda kuabudu?" Nikasema kuangalia. "Basi nenda uangalie vizuri. Usirudi hapa na hadithi nusu." Akavuta fundo la hirizi yangu kulijaribu, akaridhika.

Kwa ziara hiyo mimi nilipewa cheo. Kwa kuwa nilikuwa na mdomo mpana, ndivyo mwalimu alivyosema, ningetoa shukrani hekaluni kwa niaba ya shule. Niliandika hotuba ya kurasa mbili, ikiwa na "waheshimiwa" saba. Nilifanya mazoezi mbele ya ndama. Usinicheke, hata leo nina hadhira zisizowazidi sana wale kwa usikivu.

Tulisafiri kwa basi la kuazimwa, askari wa kusindikiza akiwa mbele, kama ilivyokuwa desturi ya barabara ile siku hizo. Tukalala sakafuni katika shule moja ya Mombasa. Kesho yake, baada ya bandari na ngome, tukafika hekaluni adhuhuri.

Sijui nilitarajia nini. Msikiti wetu ulikuwa wa mabati, kanisa la kina rafiki yangu la udongo na makuti. Hapa palikuwa na jengo la marumaru ambalo mtu alilichonga kama vile jiwe ni kitambaa na yeye anakitarizi. Ngazi pana za mawe zilipanda kutoka uani hadi kwenye mlango, na nguzo zilizosimama juu yake zilikuwa zimejaa, kutoka miguu hadi kichwa, majani, shanga, wacheza ngoma waliopinda viuno, ndovu wadogo waliofuatana mkonga kwa mkia. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Huyu fundi hakuwa na shamba la kulima."

Mzee wa hekalu alitupokea juu ya ngazi. Alikuwa mwembamba, mwenye kipara na shati jeupe. Alisema Kiswahili cha Mombasa vizuri kuliko sisi sote na mwalimu wetu, kwa sababu alizaliwa pale, na baba yake pale. Alikuwa ameuza vitambaa maisha yake yote. Akatuambia tuvue viatu, tunawe. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba hakuna kitu cha ngozi kinachoingia ndani, maana ngozi ni ya mnyama aliyekufa, na mle ndani hawaingii na kifo cha yeyote.

Sasa hebu fikiria. Nusu ya darasa letu ni watoto wa wafugaji. Walitoa mikanda, walitoa ndara, walitoa kamba za mifuko, walitoa bangili. Kilima cha ngozi kikapanda pale chini ya ngazi mpaka ukadhani tumechinja. Rafiki yangu, aliyevaa plastiki kuanzia viatu hadi shanga, alikuwa na furaha isiyo na adabu. "Nyinyi watu! Mmejivika zizi zima!"

Hata mwalimu alivua mkanda wake, ule tuliokuwa tukiujua kwa sababu nyingine, na kuanzia hapo alifundisha historia kwa mkono mmoja, wa pili ukishika suruali.

Mimi nilienda kwenye bomba kunawa, nikasimama pale. Kuivua, homa itarudi. Kutoivua, nitabaki nje na hotuba yangu, na bibi nitampelekea hadithi nusu. Ndipo nikafikiri kama wakili. Bibi alisema hirizi isitoke mwilini. Hakusema ikae wapi mwilini. Nikalifungua fundo kwa meno, kazi ya dakika nzima, nikaitia hirizi mdomoni, uzi na vyote, nikafunga midomo, nikaingia.

Ilikuwa na ladha ya moshi. Kisha ya maziwa yaliyoganda. Kisha ya jasho langu la mwaka mzima.

Ndani kulikuwa baridi, na harufu ya sandali. Wanawake wawili waliokuwa wakihudumia sanamu walikuwa wamejifunika midomo kwa vitambaa, ili pumzi yao isizichafue, alieleza mzee. Mbele ya meza ndogo mtu alikuwa amepanga punje za mchele kwa mafungu na michoro, moja moja, na rafiki yangu akatazama kwa uchungu wa mtu aliyefukuza ndege shambani. "Huu wanaupika saa ngapi?" akauliza kwa sauti. Mzee akacheka, akasema haupikwi, ni wa kumkumbusha mtu kwamba anazaliwa na kufa na kuzaliwa tena mpaka siku atakapojifunza. Alituambia kuhusu watu wake wa kale, jinsi wanavyochuja maji ya kunywa kwa kitambaa, na wadudu wanaobaki kwenye kitambaa wanarudishwa kule kule yalikotoka maji. Hapo tuliangaliana. Tangu mafuriko sisi nasi tulichuja maji kwa kitambaa. Ila hatukuwa tukimrudisha mtu.

Akatuonyesha waalimu wao, wameketi wamekunja miguu, macho wazi, nyuso za watu wasiodai chochote. Wako ishirini na wanne, akasema, na wanafanana, kwa hiyo kila mmoja ana alama yake chini ya miguu ili ajulikane. Wengi wana mnyama. Wa kwanza kabisa ana fahali, na huyo, kwa hadithi zao, ndiye aliyewafundisha watu kulima na kufuga.

"Kulima kwanza," rafiki yangu akanichoma kiwiko. "Umesikia alivyopanga? Kulima, halafu kufuga."

Nilikuwa na majibu kumi. Yote yaligonga ngozi yakarudi.

Mzee akaniona nimefunga midomo, macho yamenitoka. "Huyu mmoja," akawaambia wenzangu, "ameelewa mahali alipo. Tangu aingie hajasema neno." Nikainamisha kichwa kama mtawa. Mwalimu, ambaye hakuwahi kuniona nimenyamaza tangu darasa la nne, akavimba kwa fahari. "Ndiye msemaji wetu," akasema. "Njoo, mtoto. Toa shukrani."

Sijui kama umewahi kusimama mbele ya watu arobaini na ng'ombe mdomoni. Nilitikisa kichwa. Mwalimu akatabasamu. Nikatikisa tena. Akaacha kutabasamu. "Sema!" Mate yalikuwa yamejaa, uzi umeanza kunitekenya koo, nikakohoa, na hirizi ikatoka ikaanguka kwenye kiganja changu, imelowa, nyeusi, katikati ya marumaru yote ile nyeupe.

Mwalimu aliinua mkono, akasahau kwamba ndio uliokuwa kazini, na suruali ikaanza safari. Hilo liliniokoa.

Mzee akasogea. "Hiki ni nini, mwanangu?"

"Ni ng'ombe," nikasema. Wenzangu wakacheka, nikaanza kulia. "Ng'ombe wa bibi yangu."

"Alichinjwa?"

"Hapana! Alizeeka. Alikufa mwenyewe, amelala."

"Ulimjua?"

"Nilikunywa maziwa yake."

Nikamweleza yote, mto, homa, turubai, fundo. Alisikiliza mpaka mwisho, kama watu wazima wasivyosikiliza. Kisha akasema maneno ninayoyakumbuka bila kuongeza. "Humu ndani haiwezi kukaa. Hilo siwezi kulibadilisha, si langu. Lakini kuitunza, hilo ninaweza."

Akanitoa nje mpaka kwenye ngazi, ile ya tatu kutoka juu. Akatoa hanchifu mfukoni, akaitandika juu ya jiwe, akaniambia niweke hirizi yangu juu yake. Yeye mwenyewe akaketi kando yake, magoti yakilia, gazeti mkononi.

"Nenda ukaangalie," akasema. "Bibi yako atauliza."

"Utaiacha ukiitwa?"

"Sitaitwa."

"Na mimi, homa ikija?"

"Itabidi inipite mimi kwanza hapa mlangoni. Nenda."

Niliingia. Mwalimu aliendelea na wengine upande wa pili, nami nikaachwa nizurure peke yangu, shingo tupu, nyepesi kama si yangu. Nililala chali sakafuni kuangalia kuba. Ilikuwa miduara ndani ya miduara, na katikati kabisa yungiyungi lililofunguka kichwa chini, jiwe jembamba mpaka mwanga unapita kwenye petali zake. Ua lile lile lililoota juu ya nyumba yetu iliyozama. Nilikuwa nikilichukia ua hilo. Pale nililitazama muda mrefu.

Kisha nikamtafuta fahali. Nikampata chini ya miguu ya mwalimu wa kwanza, si mkubwa kuliko kidole changu, amelala. Alikuwa na nundu, na ngozi ya kidari ikining'inia, na masikio yamelala. Si ng'ombe wa kwenye vitabu vya Kiingereza. Alikuwa wa kwetu. Fundi yule asiye na shamba alikuwa amemwona ng'ombe akicheua, akamjua. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba mwenzake yuko nje.

Kila mara nilienda mlangoni kuchungulia. Mzee alikuwa palepale. Mara ya kwanza alikuwa akimwelekeza sisimizi kwa ncha ya gazeti ashuke kwenye hanchifu. Mara ya pili kipara chake kinang'aa kama kimepakwa mafuta, na gazeti amelifungua, ameliinua juu ya hirizi, si mbele ya macho yake, nami nikajiuliza ni mtu gani anayesoma gazeti hivyo. Nikarudi ndani. Nilikuwa na mengi ya kuona, na sikuharakisha.

Nilipotoka hatimaye, alishika uzi tu, hakugusa ngozi, akanifunga shingoni. Hotuba yangu yenye "waheshimiwa" saba haikutolewa. Nilisema asante, akasema karibu tena, basi likapiga honi.

Nyumbani sikuwa nimemaliza hata kuvua viatu kabla bibi hajanishika shingo. Vidole vyake vilitulia.

"Fundo hili si langu."

Mtu aliyefunga ndama miaka hamsini humdanganyi kwa fundo. Akaligeuza, akalichunguza, lilikuwa bapa, la mistari miwili, nadhifu, fundo la kufungia robota la kitambaa. Nikaungama. Nilimpa hadithi nzima kama alivyotaka, mdomo, hotuba, suruali, fahali mwenye nundu. Nilingoja hasira. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikaa naye muda wote?"

"Muda wote."

"Juani au kivulini?"

Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa mtoto mwenye makosa, nikachagua jibu jepesi. "Kivulini."

"Hata hivyo," bibi akasema. "Mtu anayemlindia mgeni ng'ombe wake, huyo amelelewa." Akaachia uzi. "Usilifungue hilo. Liache alivyolifunga."

Mvua kubwa ilikuja ikapita, na homa haikurudi. Fundo sijalifungua. Shingo yangu ilinenepa kwa ugali wa bweni na baadaye kwa keki za semina, nikaukata uzi mbali na fundo, hirizi ikahamia mkobani, na humo iko mpaka leo, baina ya kitambulisho na dawa za kichwa, mimi mwenye shahada mbili. Bibi hayupo. Ng'ombe wake walimalizwa na kiangazi kimoja baada ya kingine, na safu ya wanawake wenye vibuyu imekuwa safu ya mitungi ya plastiki. Mkanda wa ng'ombe mweupe sijui ulipotelea wapi; kilichobaki ni kile kipande.

Ninaye mzee wa hekalu katika kumbukumbu tu. Nilipomuulizia, kijana mlinzi hakumjua. "Wazee wengi wamepita hapa, mama," akasema. Akanionyesha makabati yenye funguo na namba. "Weka humo. Ni salama."

Najua ni salama. Nilimshukuru, nikaingia uani, nikapanda ngazi mpaka ya tatu kutoka juu. Nikatandika hanchifu, nikaweka hirizi, nikaketi kando yake.

"Huingii?" kijana akaniita kutoka kibandani.

"Baadaye," nikasema.

Nilitaka kukaa kiasi alichokaa yule mzee wakati mimi nimelala chali ndani, nikihesabu petali, nikizungumza na fahali, bila haraka. Ilikuwa saa ile ile. Jiwe lilinichoma kupitia nguo. Jasho likanishuka kwenye paji la uso, na hanchifu nilikuwa nimeshaitoa kwa mwingine. Baada ya muda nikajikuta nimechukua makabrasha ya semina, nimeyafungua, nimeyainua juu ya kile kipande cha ngozi ili kisikauke kikapasuka.

Nikatazama huku na huku, mlangoni, kwenye nguzo, ukutani, mpaka chini langoni. Kwenye ngazi zile, saa saba ya mchana, hakuna kivuli.